Urojo ni Mtamu Bakulini, Si Kwenye Orodha ya Tovuti

Jioni pale Forodhani ukiagiza urojo, hakuna anayekuuliza unataka bajia peke yake au viazi peke yake. Bajia, kachori, viazi, yai, mishkaki, chipsi za muhogo, vyote vinaingia bakuli moja, mchuzi unamwagwa juu, halafu chatne na pilipili kwa anayetaka. Ndivyo inavyotakiwa. Tatizo linaanza pale mtu anapojenga tovuti yake kwa mtindo huo huo.

Hali yenyewe unaijua. Unaingia kwenye tovuti inayohusu Mji Mkongwe, unaandika "Shangani" kwenye kisanduku cha kutafutia, unaletewa matokeo kibao: hoteli tatu, tangazo la tamasha lililokwisha miaka miwili nyuma, picha ya mlango, habari ya kukatika umeme, nyumba ya kihistoria, halafu hoteli nyingine. Vyote vina neno Shangani ndani yake, kwa hiyo kompyuta haijakosea. Ila wewe ulikuwa unatafuta nyumba tu.

Dawa yake ni kuchuja orodha kwa aina ya maudhui: unaiambia tovuti "nioneshe nyumba tu", kisha "zilizopo Shangani", kisha "zenye hali mbaya", na orodha inapungua hatua kwa hatua. Wengi wetu tunaliona hili kama suala la vitufe vya kubofya. Kwenye makala hii nataka kuonesha kwamba kitufe ndicho kitu cha mwisho kabisa. Kazi kubwa inafanyika kabla yake, tena mara nyingi kwa kalamu na karatasi. Na ikifanywa vibaya, kuna vitu vitapotea kwenye orodha bila ya mtu yeyote kugundua.

Kwa mfano wetu, tuseme wewe na wenzako mmeamua kujenga tovuti ya majengo ya Mji Mkongwe. Malighafi si haba. Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji huu ilianzishwa 1985, mpango mkuu wa hifadhi ukatoka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe kwenye Urithi wa Dunia. Majengo yameshapimwa, yamechorwa na kupigwa picha mara nyingi tu. Swali ni moja: taarifa zote hizo mtaziweka vipi ili mtu aweze kuziuliza maswali?

Aina ni kama ngeli

Aina ya maudhui ni nini hasa? Njia rahisi ya kuielewa tunayo tayari mdomoni, nayo ni ngeli.

Ukisema "nyumba", tayari umeshajifunga kusema "imejengwa". Ukisema "mlango", lazima useme "umechongwa". Ukisema "jengo", ni "limeanguka". Nomino inapoingia kwenye sentensi, ngeli yake ndiyo inayoamua ni viambishi gani vinaweza kuifuata. Hata mtoto ambaye hajaanza skuli hakosei hapo.

Aina ya maudhui inafanya kazi ileile kwenye tovuti. Ukiiambia mashine kwamba kitu hiki ni "nyumba", umeshaamua ni visanduku gani vya kujaza vitakavyokifuata: mtaa, daraja la uhifadhi, idadi ya ghorofa, matumizi. Ukisema ni "tamasha", visanduku vinabadilika: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, ukumbi. Nyumba haina tarehe ya kumaliza, na tamasha halina ghorofa.

Tofauti ni hii: ngeli umerithi, aina unaziunda mwenyewe. Programu nyingi za kujengea tovuti zinakuja na aina chache za kuanzia. WordPress, kwa mfano, ilizaliwa kama chombo cha kuandikia blogu, kwa hiyo ilijua zaidi vitu viwili: chapisho na ukurasa. Toleo lake la 3.0, lililotoka Juni 2010, ndilo lililofanya iwe rahisi kwa mjenzi wa kawaida kuongeza aina zake mwenyewe. Drupal ilikuwa na wazo hilo mapema zaidi, na toleo lake la 7, la Januari 2011, likaingiza visanduku vya kujiundia ndani ya programu yenyewe.

Kabla ya hapo, na hata leo kwa wasiojua, kila kitu kilikuwa kinasukumizwa kwenye "chapisho". Matokeo yake ndiyo yale ya tamasha la miaka miwili nyuma. Chapisho lina tarehe moja tu, ile ya kuchapishwa. Sauti za Busara hufanyika Februari, lakini ukitangaza Oktoba, kompyuta inajua Oktoba tu. Ukiiomba ipange matamasha kwa tarehe, itayapanga kwa siku uliyokaa kuandika, si kwa siku ambayo watu watakwenda Ngome Kongwe kucheza ngoma.

Jengo linabaki, kazi yake inahama

Sasa mnaanza kuorodhesha aina. Mwenzako mmoja anasema: "Tuwe na aina ya hoteli, aina ya makumbusho, aina ya nyumba ya kuishi, aina ya gereza." Inasikika vizuri. Hebu tuijaribu kwa Ngome Kongwe.

Ngome ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondoka, kwa ajili ya ulinzi. Baadaye ikawa gereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikatumika kama karakana ya reli iliyokuwa ikienda Bububu. Baadaye tena ikawa na klabu ya wanawake. Leo ina jukwaa la wazi la maonesho na maduka ya sanaa. Je, ni aina gani? Ukisema gereza umekosea, ukisema ukumbi umekosea nusu.

Na si Ngome peke yake. Zahanati ya Zamani, ile yenye roshani za mbao zilizonakshiwa kule karibu na bandari, ilijengwa kwa fedha za tajiri Tharia Topan, ikaanza 1887 na kumalizika 1894. Ikawa zahanati, baadaye ikachakaa, ikakarabatiwa miaka ya 1990 na kuwa kituo cha utamaduni. Jengo la zamani la simu pale Shangani leo ni hoteli ya Serena. Kasri la masultani likaitwa Jumba la Wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, kisha likawa makumbusho mwaka 1994.

Kwa hiyo matumizi si aina. Matumizi ni sifa. Aina ni "jengo", na matumizi ni kisanduku ndani yake ambacho unaweza kukibadilisha bila ya kuliondoa jengo mahali pake.

Mimi kipimo ninachokitumia ni hiki: je, kitu hiki kinaweza kubadilika kesho na bado kikabaki kilekile? Nyumba ikigeuzwa hoteli ni nyumba ileile, kuta zilezile, mlango uleule. Basi hoteli ni sifa. Lakini tamasha haliwezi kesho kuwa mlango. Basi hizo ni aina mbili. Hapa ngeli inatusaidia tena: nyumba mpya ikichakaa ikawa nyumba mbovu, kivumishi kimebadilika, ngeli haikubadilika.

Ukikosea hapa, gharama yake hutaiona siku ya kwanza. Utaiona siku nyumba ya kwanza itakapogeuzwa hoteli. Hapo itabidi uifute kwenye aina moja na kuiandika upya kwenye nyingine, na historia yake yote ya nyuma, pamoja na anwani ya ukurasa ambayo watu walishaihifadhi, itakwenda na maji.

Mlango una maisha yake

Vipi kuhusu milango? Kila mtu anayekuja Zanzibar anapiga picha milango. Je, mlango ni sifa ya nyumba au ni aina inayojitegemea?

Mwanzoni unaweza kusema ni sifa: nyumba hii ina mlango wa kizingiti bapa chenye maandishi ya Kiarabu, ile ina mlango wa juu wenye upinde, ile nyingine ina mlango wa Kigujarati wa miraba midogo unaokunjika kama wa duka. Kisanduku kimoja tu, "mtindo wa mlango", kazi imekwisha.

Lakini tumia kipimo chetu. Mlango unaweza kung'olewa. Ipo milango ya Mji Mkongwe iliyouzwa, iliyohamishiwa nyumba nyingine, iliyopelekwa mbali. Nyumba ikiporomoka, mlango unaweza kubaki. Na nyumba moja inaweza kuwa na milango miwili au mitatu ya kuchongwa, kila mmoja na nakshi zake: samaki, minyororo, mawimbi, yungiyungi. Kitu kinachoweza kuondoka nyumbani na kuendelea na maisha yake kinastahili kumbukumbu yake mwenyewe.

Kwa hiyo tunaunda aina mbili, jengo na mlango, na kati yao tunaweka kiungo: mlango huu kwa sasa uko kwenye jengo lile. Kiungo hicho ndicho kinachozaa maswali matamu. Mtafiti wa nakshi anaweza kuuliza: "Nioneshe milango yote yenye minyororo kwenye mfaa, iliyopo kwenye majengo ya Malindi." Mlango haujui uko mtaa gani, jengo ndilo linalojua. Kompyuta inaufuata mlango hadi kwenye jengo lake, inasoma mtaa, kisha inarudi na jibu. Na siku mlango ukihamishwa, unabadilisha kiungo tu.

Hali ya nyumba ina tarehe

Hapa tunafika kwenye jambo zito.

Jumba la Maajabu, Beit al-Ajaib, lilijengwa 1883 enzi za Sultan Barghash. Sehemu yake moja ilishaanguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye ukarabati, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Sisemi hata kidogo kwamba tovuti ingelizuia hilo. Majengo yanaokolewa na mafundi, chokaa, mbao na fedha. Lakini tukio kama lile linatuuliza swali la kweli kuhusu kumbukumbu zetu: je, zinaonesha nyumba inavyoelekea, au zinaonesha ilivyo leo tu?

Ukiweka kisanduku kimoja cha "hali" ndani ya jengo, kila mkaguzi anayekuja anafuta alichoandika aliyemtangulia. Mwaka huu "wastani", mwakani "mbovu", na ile "wastani" imeshapotea. Ukichuja nyumba mbovu utapata zilizo mbovu leo. Hutaweza kuuliza swali ambalo kwa mhandisi lina uzito zaidi: ni nyumba zipi zimeshuka daraja mara mbili ndani ya miaka mitano?

Suluhisho ni kuunda aina ya tatu, "ukaguzi". Kila ukaguzi una tarehe yake, hali iliyoonekana, picha, maelezo ya ufa au maji yanayovuja kutoka juu, na kiungo cha jengo. Hakuna kinachofutwa. Jengo moja linaweza kuwa na kaguzi kumi zilizopangana kama kurasa za daftari la kliniki. Hali ya sasa ni ile iliyoandikwa kwenye ukaguzi wa mwisho, na mwelekeo unauona ukizisoma kwa mfululizo.

Angalia kilichotokea: hatujagusa kitufe hata kimoja, na tayari tumeshaamua ni maswali gani tovuti itaweza kujibu na yapi haitaweza milele.

Ukibofya, nini kinatokea?

Sasa twende ndani ya mashine. Mtu amechagua aina "jengo", mtaa "Shangani", daraja la kwanza. Tovuti inaandika chaguo hizo kwenye anwani ya ukurasa, mfano:

/jengo/?mtaa=shangani&daraja=1

Ni vizuri chaguo ziwe kwenye anwani, kwa sababu mtu anaweza kuinakili na kumtumia mwenzake kwenye WhatsApp, naye akaona orodha ileile. Seva inaisoma anwani, inaigeuza kuwa swali kwa kanzidata, inapokea majibu, inayapanga kuwa ukurasa na kuurudisha kwenye simu yako.

Kwenye WordPress utashangaa kidogo ukifungua kanzidata yenyewe. Majengo, milango, kaguzi, habari na kurasa vyote vimewekwa kwenye jedwali moja. Kumbe ndani ni urojo! Tofauti ni kwamba kila kitu kina lebo, kwenye safu wima inayoitwa post_type. Safu hiyo ina faharasa, yaani mashine haihitaji kupekua kila mstari kutafuta majengo, inaruka moja kwa moja yalipo, kama unavyofanya na kamusi. Kuchuja kwa aina ni kazi nyepesi kabisa kwake.

Visanduku vingine ni hadithi tofauti. WordPress ina sehemu mbili za kuweka sifa. Ya kwanza ni makundi, ambayo unayaandaa mwanzoni na mtu anachagua: Shangani, Malindi, Kiponda, Hurumzi. Ya pili ni visanduku huru, ambamo mtu anaandika chochote, na kilichoandikwa humo hakina faharasa. Kwa majengo mia mbili hutaona tofauti. Kwa maelfu, ukichuja visanduku huru vitatu kwa pamoja, ukurasa unaanza kujivuta. Kanuni yangu ni nyepesi: kama watu watakichuja, kifanye kundi. Kama watakisoma tu, kiache huru.

Makundi yana faida nyingine ya kibinadamu zaidi. Mwachie mtu aandike jina la mtaa mwenyewe, na utapata Sokomuhogo, Soko Muhogo, Sokomhogo na Soko la Muhogo. Kwako ni mtaa mmoja, kwa kompyuta ni minne, na kila ukichuja unapata robo ya nyumba.

Kuna mitego mitatu ambayo karibu kila anayeanza ananasa. Mimi mwenyewe nilichemsha kwenye yote.

Mtego wa kwanza: umeunda aina "jengo", umejaza nyumba ya kwanza, unafungua ukurasa wake, unaambiwa haupo. Haukupotea. WordPress bado inatumia ramani yake ya zamani ya anwani. Ingia kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu, bofya kuhifadhi bila ya kubadilisha chochote, ramani inachorwa upya.

Mtego wa pili ndio ulionila jioni nzima. Unaamua kutumia kategoria za kawaida za blogu kwa mitaa, unaziweka nyumba ishirini kwenye kategoria ya Shangani, unafungua ukurasa wa kategoria hiyo, mtupu. Nilikagua kila nyumba moja moja nikidhani nimesahau kuhifadhi. Kumbe kurasa za kategoria, kwa kawaida yake, zinaleta machapisho ya blogu tu. Aina ulizounda mwenyewe hazimo mpaka uziingize kwa mkono, kwa vijistari vichache vya msimbo kwenye ndoano inayoitwa pre_get_posts.

Mtego wa tatu ni majina. Ukitumia neno kama "year" au "name" kwenye anwani ya kuchujia, WordPress inadhani unazungumza nayo, kwa sababu maneno hayo imeshajiwekea yenyewe, na inakurudishia ukurasa usiopatikana. Ukiandika "mwaka" na "jina" hakuna mgongano. Kwa hapa Kiswahili kinakuokoa.

"Na" ya binadamu, "au" ya kompyuta

Mtu anakwambia: "Nataka nyumba za Shangani na Malindi." Ukiichukua "na" hiyo kama ilivyo, kompyuta itatafuta nyumba iliyopo Shangani na, wakati huohuo, ipo Malindi. Haipo. Orodha tupu. Alichotaka mtu yule ni Shangani au Malindi, yoyote kati ya hizo.

Lakini akisema "nataka nyumba za Shangani na za daraja la kwanza", hapo "na" ni "na" kweli: lazima masharti yote mawili yatimie.

Basi kanuni inayotumika kwenye vichujio vingi vizuri ni hii: ndani ya kundi moja ni "au", baina ya kundi na kundi ni "na". Mitaa miwili inaongeza orodha, mtaa na daraja vinaipunguza. Wazo la kukitazama kitu kimoja kupitia pande kadhaa huru si la enzi ya intaneti. Mkutubi wa Kihindi S. R. Ranganathan alilijengea mfumo mzima wa kupanga vitabu, alioutoa mwaka 1933.

Ongeza na idadi pembeni ya kila chaguo: Shangani (14), Kiponda (9), Vuga (0). Idadi zinamwambia mtu kabla hajabofya kwamba Vuga hakuna kitu, asipoteze bando lake. Na kuhusu bando: kama orodha yako ni fupi, huna haja ya kurudi kwenye seva kila mara. Majengo 300, kila moja likiwa na baiti 200 za jina, mtaa, daraja na hali, ni kama kilobaiti 60 tu, pungufu ya picha moja ya kawaida. Zitume zote mara moja, kisha simu ichuje yenyewe, hata mtandao ukikatika katikati ya vichochoro.

Nyumba zisizoonekana

Nimeliacha mwisho jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko yote.

Tuseme una nyumba hizo 300. Mtu anachuja hali: nzuri 90, wastani 60, mbovu 30. Anapiga hesabu: 30 kati ya 300, sehemu moja ya kumi, si mbaya sana. Lakini jumlisha: 90 na 60 na 30 ni 180. Nyumba 120 ziko wapi? Zipo, ila kisanduku chao cha hali hakikujazwa, kwa hiyo haziingii kwenye chaguo lolote. Ikiwa nusu tu ya hizo ni mbovu, jumla ya mbovu ni 90, yaani tatu katika kila kumi.

Na jiulize ni nyumba zipi hasa ambazo visanduku vyao vinabaki vitupu. Hoteli haiachi kisanduku kitupu. Mwenyewe anataka wateja, atakupa picha, idadi ya vyumba, historia, mpaka jina la sultani aliyelala humo. Jengo mashuhuri limeshaandikiwa vitabu. Kinachobaki kitupu ni nyumba ya kawaida ya ndani ndani, familia tatu zimepanga, maji yanapita ukutani, na mwenye nyumba yuko Dar es Salaam au Muscat. Hiyo ndiyo nyumba ambayo kichujio cha "mbovu" kiliwekwa kwa ajili yake, na ndiyo ya kwanza kukikosa. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Orodha itaonekana safi tu.

Dawa si ngumu. Weka chaguo la "haijakaguliwa", na lifanye ndilo la kuanzia kwa kila jengo jipya. Hapo nyumba 120 zinaonekana, na idadi pembeni inakuwa mpango wa kazi: hizi ndizo milango ya kwenda kubisha hodi wiki ijayo.

Hili halihusu Mji Mkongwe pekee. Kuanzia 2016, mradi wa kupiga picha visiwa vyetu kwa ndege zisizo na rubani uliwaunganisha Tume ya Ardhi Zanzibar, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, ambacho wanafunzi wake walishiriki kazi hiyo. Mwaka 2018 picha zile zikatumika kwenye shindano la kuifundisha kompyuta kutambua majengo yenyewe, na majengo yakagawanywa makundi matatu: yaliyokamilika, yasiyokamilika, na misingi mitupu. Mgawanyo huo una mantiki ya hapahapa. Anayeijua Unguja anajua kwamba msingi wa matofali kwenye kiwanja cha Fuoni au Bububu ni nyumba ya mtu anayejenga kidogokidogo kila akipata. Orodha yenye "jengo" na "si jengo" tu ingeufuta msingi ule, na pamoja nao habari ya mji unakoelekea kukua.

Pa kuanzia

Ukitaka kujenga orodha yako, iwe ya majengo, ya skuli, ya visima au ya vikundi vya taarab, funga kompyuta kwanza. Chukua karatasi, andika maswali kumi ambayo watu watakuja nayo, kwa maneno yao wenyewe. Pigia mstari nomino, hizo ndizo aina zako. Zungushia vivumishi, hizo ndizo sifa. Kwa kila sifa jiulize kama inabadilika na wakati, na kama ndiyo, ipe kumbukumbu yenye tarehe. Kisha andika kwa kila sifa chaguo la "hatujui bado".

Ukimaliza, nenda kaonane na mzee mmoja anayekaa barazani Kiponda au Mkunazini, msome maswali yako. Atakuuliza la kumi na moja ambalo hukulifikiria. Liongeze, halafu ndipo ufungue kompyuta.